Kwa Nini Mpiga Mateke Humpa Mwenzake Mguu Kwanza

Ulikuwapo wakati ambapo mguu ulikuwa wa kutembelea tu, na ugomvi ulikuwa wa mawe. Wakati huo, katika milima ya nchi ya Korea, hapakuwa na aliyejua kupiga teke kwa adabu. Punda alipiga teke, ng'ombe alipiga teke, na mtu aliyefanya hivyo alihesabiwa pamoja nao.

Siku hizi mambo yamebadilika. Ukiwatazama vijana wa huko wakicheza taekkyeon, mchezo wao wa kale wa mateke, utaona jambo la kushangaza. Hawasimami wamejikaza kama majogoo. Wanayumba, wanakunja magoti, wanakanyaga mbele na nyuma kama watu walio kwenye ngoma isiyo na haraka. Na kabla ya kumpiga mwenzake, mchezaji husogeza mguu mmoja mbele na kuuacha pale, karibu kabisa na yule anayetaka kumwangusha, kana kwamba anamwambia, "Chukua, ni wako." Mgeni huuliza ni mpiganaji gani huyu anayempa adui mguu. Jibu lilianzia katika shamba la shayiri, kwa dada mmoja aliyekuwa na hofu juu ya mdogo wake.

Dada huyo aliitwa Okdan. Aliishi Kijiji cha Chini, kwenye bonde ambalo mto wake ulipinda kama kiwiko cha mkono. Juu zaidi, kwenye mteremko, kilikuwapo Kijiji cha Juu. Vijiji vyote viwili vililima mpunga kwa maji ya mto ule mmoja, na maji hayakutosha kufunguliwa pande zote kwa wakati mmoja. Ilibidi kijiji kimoja kitangulie. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya mwezi mpevu wa kwanza, vijana wa huku walisimama ukingo huu, wa kule wakasimama ukingo ule, wakarushiana mawe tangu asubuhi hadi upande mmoja ukimbie. Waliobaki ndio waliofungua maji kwanza.

Baba yake Okdan alirudi kutoka mtoni mwaka mmoja akiwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, watu wanne wakiubeba. Okdan alikuwa na miaka tisa. Mama yake aliishi miaka mingine sita, na siku alipozidiwa alimshika Okdan mkono, akamwonyesha kwa macho Chilbok, mdogo wake, aliyekuwa amelala kando ya jiko.  Okdan alielewa, na tangu hapo aliposikia neno "mto" alimtafuta Chilbok kwa macho.

Sasa Chilbok alikuwa amefikisha miaka kumi na minane. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kukasirika, na mwaka ule kwa mara ya kwanza alikuwa amehesabiwa miongoni mwa warusha mawe.

Lakini kabla ya kufika mtoni, ni lazima tuzungumze kuhusu shayiri, kwa sababu bila shayiri habari hii haiendi.

Shayiri ya huko hupandwa kabla ya baridi. Huota kidogo, kisha hulala chini ya theluji. Baridi inapokaribia kuisha, maji yaliyoganda ardhini huvimba na kuuinua udongo, na mizizi hubaki ikining'inia kama miguu ya mtoto aliyekaa kwenye kiti kirefu. Isiporudishwa chini hukauka. Basi watu huingia shambani na kuikanyaga. Siku za Okdan kazi hiyo ilikuwa na taratibu zake, na hata alipozeeka alizikumbuka kwa mwili kuliko kwa kichwa. Uliingia na viatu laini vya majani ya mpunga. Mikono uliiweka mgongoni. Magoti uliyakunja kidogo, ukahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, polepole, ukitumia wayo mzima wala si kisigino. Hukuruhusiwa kusimama tuli, maana anayesimama huzama, na akizama hukata mizizi. Watu walikanyaga wawiliwawili wakitazamana, mmoja akirudi nyuma na mwingine akimfuata. Aliyetangulia aliweka mguu mbele na kuuacha kidogo, ili mwenzake auone na ajue pa kukanyaga. Kumnyima mwenzako mguu kulionekana uchoyo mbaya, kama kula ukiwa umeupa mlango mgongo. Na ili wasipotezane walitoa pumzi kwa sauti: "Ik!" akasema mmoja. "Ek!" akajibu mwingine.

Kwenye ule mpindo wa mto palikuwa na shamba moja kubwa la shayiri ambalo mistari yake iligawanywa kati ya vijiji viwili, mmoja wenu, mmoja wetu, bila ua. Mabibi wa pande zote waliokoteana mawe humo kwa mikono, kizazi baada ya kizazi, hadi udongo ukawa laini kama unga. Jiwe lilikuwa haramu katika shamba lile. Watu ambao kesho yake wangepasuana vichwa mtoni, leo walikanyaga humo bega kwa bega wakiulizana habari za watoto.

Asubuhi ya mwezi mpevu, Okdan alimkuta Chilbok amechuchumaa uani akijaza mawe ya mviringo kwenye kikapu.

"Dada, usinitazame hivyo," Chilbok alisema bila kuinua kichwa.

"Nakutazamaje?"

"Kama unayenipima sanda."

Okdan alichuchumaa kando yake. "Mstari wa mama haujakanyagwa," alisema. "Jua la leo likiwaka, kesho mizizi itakuwa nyuzi kavu. Nisaidie kwanza."

"Leo? Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakupikia wewe, tumbo lisilo na mwisho."

Chilbok alicheka. Hakujua kwamba dada yake aliuacha mstari ule makusudi kwa siku tatu, akiwaambia wanawake wenzake kwamba mgongo unamuuma. Okdan hakuwa na mpango mkubwa. Alitaka tu mstari uwe mrefu, na mdogo wake achelewe, na mawe yarushwe na kwisha naye akiwa bado anakanyaga.

"Nakanyaga, kisha naenda," Chilbok alisema. "Usije ukanishika nguo mbele za watu."

"Sitakushika."

Walifika shambani. Chilbok aliweka kikapu chake cha mawe pembeni, kwa sababu hata yeye, pamoja na ukaidi wake wote, asingeingiza jiwe kwenye shayiri. Wanawake wa vijiji vyote viwili walikuwa humo tayari, na sauti ya viatu vya majani ilikuwa kama mvua ndogo juu ya paa la nyasi. Okdan alirudi nyuma, Chilbok akamfuata. Ik. Ek. Jua lilikuwa limeanza kupasha udongo, na harufu yake ilipanda, ile harufu ya ardhi inayoamka ambayo Okdan aliitafuta maisha yake yote baadaye na hakuipata mahali pengine. Wakati mwingine, akiwa mzee, alisema kwamba kama angepewa saa moja tu airudie, angeomba ile, kabla vijana wa juu hawajateremka.

Waliteremka mapema. Walikuwa kama ishirini, wakifuata njia iliyozunguka shamba, na mbele yao alikuwa Dolsoe, mwana wa mfua chuma, kijana mwenye kifua kama pipa. Aliposimama, wote walisimama.

"Tazameni!" alipaza sauti. "Kijiji cha Chini kimemtoa shujaa wake! Anacheza michezo ya watoto na dada yake!"

Wenzake waliangua kicheko.

"Chilbok, ukimaliza hapo njoo unifulie suruali!" mwingine alisema.

"Mwache jamani, anasubiri dada ampangusie pua!"

Masikio ya Chilbok yalikuwa mekundu. Hapo ndipo Okdan alipoona alichokifanya. Alitaka kumwepusha mdogo wake na vita, na badala yake alikuwa amemleta peke yake mbele ya adui, bila wenzake na bila jiwe hata moja mkononi. Kikapu kilikuwa pembeni, na kati ya kikapu na Chilbok alisimama Dolsoe.

Dolsoe aliinua jiwe. Mkono wake ulikwenda nyuma.

"Dolsoe!" Ilikuwa sauti ya Bibi Bunnye, ajuza wa Kijiji cha Juu, kijiji chake mwenyewe Dolsoe, aliyekuwa akikanyaga mstari wa jirani. "Jiwe hilo likiangukia humu, utalitafuta kwa meno!"

Mkono wa Dolsoe uliganda hewani. Alimtazama bibi, akalitazama jiwe, akaliachia likaanguka njiani. "Basi nitamtoa humo kwa mikono," alisema, akaingia shambani.

Alipiga hatua tatu kubwa, akasimama mbele ya Chilbok na kuvuta pumzi ili amtukane vizuri. Hakuwahi. Wanawake wote, wa juu na wa chini, walipiga kelele kwa pamoja.

"Usisimame! Unakata mizizi!"

"Kanyaga, wewe ng'ombe!"

"Na kisigino hicho! Hukulelewa na mtu?"

Dolsoe alikuwa amekanyaga shayiri tangu alipojua kutembea. Kabla akili yake haijaamua lolote, magoti yake yalikunjika, miguu yake ikaanza, na mikono ikaenda mgongoni yenyewe. Mtu mzima mwenye kifua kama pipa, aliyekuja kumvunja mwenzake, alikuwa akiyumba mbele yake kama bibi harusi. Hata vijana wake walishindwa kujizuia kucheka.

"Utatoka au hutoki?" alimuuliza Chilbok kwa hasira, huku akikanyaga.

"Nitatoka nikimaliza mstari wa mama yangu," Chilbok alijibu, naye akikanyaga.

Na kwa sababu walikuwa wakitazamana, na mmoja akirudi nyuma mwingine akifuata, Chilbok alisogeza mguu mbele na kuuacha, kama alivyozoea. Hakufikiri. Dolsoe aliuona mguu ule umekaa mbele yake, akaupiga ngwala. Chilbok aliunyanyua kwa wepesi, ngwala ikapita chini, akaurudisha palepale. Kisha ikawa zamu ya Dolsoe kuweka mguu, na akauweka, maana hata katika hasira hakuweza kuwa mchoyo mbele ya bibi zake. Chilbok aliusukuma kwa wayo. Dolsoe aliyumba, akajirudisha.

"Ik!" alisema mmoja.

"Ek!" alijibu mwingine.

Okdan alitaka kulia. Alitaka kuingia katikati. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea kuita hatua miaka yote, ukaendelea kuita, na wanawake wengine wakafuata, na shamba zima likawa linapumua kwa pamoja. Hakuna aliyetumia mikono. Hakuna aliyesimama. Wayo wa Dolsoe ulimpata Chilbok pajani, akapepesuka hadi goti likakaribia kugusa udongo. Chilbok akainuka. Dolsoe, alipoona ameinuka, uso wake ulibadilika. Mchezo ulimtoka machoni. Chilbok alikuwa amesogeza mguu mbele tena, na Dolsoe akainua kisigino chake na kukishusha kwa nguvu zote kuelekea goti lile.

Teke kama lile lingemfanya Chilbok kiwete maisha yake yote. Okdan aliliona likija.

Chilbok hakurudi nyuma kwa hofu. Aliuondoa mguu kama unavyouondoa mwenzako anapokuja kukanyaga mahali pako, taratibu, kwa wakati wake. Kisigino cha Dolsoe kikapiga udongo mtupu na kuzama. Dolsoe akiwa amekwama hapo, kisigino ndani ya udongo, Chilbok aliweka wayo wake juu ya kifua kile kama pipa na kusukuma, si kwa nguvu, kama mtu anavyofungua lango. Dolsoe akaenda chini. Akakaa kitako juu ya shayiri.



Katika shamba lile, wajawazito walikanyaga na hawakuanguka. Wazee waliokunywa pombe ya mchele walikanyaga na hawakuanguka. Kuanguka kulikuwa kuponda chakula cha watu kwa makalio yako. Bibi Bunnye alisogea, akikanyaga, akamwinamia kijana wa kijiji chake.

"Umekaa juu ya uji wa wajukuu wangu," alimwambia. "Unakaa hapo hadi mavuno?"

Dolsoe aliinuka. Udongo ulikuwa umemganda kwenye suruali. Kikapu cha mawe kilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na wenzake ishirini walikuwa wakimtazama, na Okdan aliona macho yake yakienda kule na kurudi. Lau Chilbok angecheka wakati ule, habari hii ingeishia pabaya. Lakini Chilbok alitazama lile shimo lililoachwa kwenye udongo na chipukizi zilizolala, akasahau kucheka. Alisogeza mguu wake mbele, akauweka pembeni ya shimo.

"Tuanzie hapa," alisema. "Peke yangu sitaziba."

Dolsoe alisimama kidogo, safari hii bila kukemewa na mtu. Kisha akaweka mikono mgongoni, akakanyaga pale mguu wa Chilbok ulipotoka. Walikanyaga pamoja hadi udongo ukawa sawa. Halafu Dolsoe aliinamisha kichwa, akatoka shambani.

"Ameteleza tu huyo!" alisema rafiki yake mmoja, akivua koti. "Mimi sitelezi."

"Wewe? Wewe unateleza hata ukilala!" alijibiwa na kijana wa Kijiji cha Chini, maana nao walikuwa wamekwisha kufika kutoka mtoni kuona kelele ni za nini, na mawe yao yalikuwa njiani pamoja na ya wenzao. "Njoo nikukalishe."

Mchana ule wote waliingia wawiliwawili. Aliyekaa alikuwa ameshindwa, alirekebisha alipokaa, akatoka. Wazee walikuja na mikeka, wakakubaliana kwamba mwaka huo maji yaamuliwe na idadi ya waliokalishwa, si na mawe. Mtu alileta chungu cha uji. Kufikia jua kuzama mistari yote ya shamba ilikuwa imekanyagwa vizuri kuliko mwaka wowote, na ilipohesabiwa, Kijiji cha Juu kilikuwa kimekalishwa mara moja pungufu, kwa hiyo wao ndio wangefungua maji kwanza. Vijana wa chini walilalamika njia nzima. Okdan hakuyasikia malalamiko. Mdogo wake alikuwa mbele yake akichechemea kidogo, akiwa na njaa, akirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata hakuna aliyeokota mawe. Mchezo ulikua kama mtoto anavyokua, kila jirani akimlisha kidogo. Mikono iliacha kukaa mgongoni ikaanza kupepea pembeni ili kumsaidia mtu asianguke. Wapiga mieleka wa mlimani walileta namna zao za kumng'oa mtu. Kisha wanajeshi wa mfalme walipita bondeni, wakatazama siku nzima huku wamesahau safari yao, na walipoondoka walimwomba Chilbok aende nao ngomeni kuwafundisha. Shayiri ilikuwa ya kijani, imefika magotini. Okdan alimfungia jozi tatu za viatu vya majani. Alikuwa ameweza kumzuilia mto. Barabara hakuizuia, wala hakujaribu. Habari zake zilikuja mara mbili, kupitia wachuuzi wa chumvi, kisha hazikuja tena.

Miaka mingi baadaye, akiwa bibi mwenye mvi, Okdan alisafiri siku tatu hadi mji wenye soko kubwa, amsindikize mjukuu aliyekuwa anaolewa huko. Sokoni aliona vijana wawili wamezungukwa na watu, wakiyumba, wakikanyaga mbele na nyuma. Alijipenyeza hadi mbele. Alitazama kwa muda mrefu, kisha hakuweza kunyamaza.

"Wewe," alimwambia mmoja. "Unamnyima mguu wako. Usogeze. Uache pale."

"Bibi, nikiuacha atanipiga."

"Atakupiga, ndiyo. Na utamwona anavyokuja."

Watu walicheka. Yule kijana alikuna kichwa. "Hata mwalimu wetu husema hivyohivyo."

Okdan aliuliza mwalimu wao ni nani. Walimtajia jina asilolijua. Mwalimu huyo alifundishwa na mtu mwingine, na huyo na mwingine, hadi kwa mtu wa ngomeni ambaye jina lake lilikuwa limepotea.

"Hatumjui, bibi," kijana alisema. "Wanasema alikuwa akiwaimbia wanajeshi 'ik, ek,' kama mwanamke wa shambani, nao wakimcheka. Kisha wakawa wanaimba wote."

Okdan aliitikia kwa kichwa. Aliwaomba waendelee kucheza. Akasimama pale hadi mjukuu wake alipokuja kumtafuta, magoti yake ya kizee yamekunjika kidogo ndani ya sketi, uzito wake ukihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Na tangu siku ile ya shambani, mchezaji wa taekkyeon hasimami tuli, maana miguu yake bado inaihurumia mizizi. Hupiga kwa wayo, kwa kuwa kisigino hukata. Aliyeanguka ameshindwa, hata kama hakuumia popote. Na kabla ya yote humpa mwenzake mguu, auone na ajue pa kuanzia. Leo wanacheza katika kumbi zenye sakafu za mbao na taa nyeupe, mijini, ambako hakujawahi kuota hata chipukizi moja, na wengi wao hawajawahi kuiona shayiri isipokuwa kwenye bakuli. Lakini wakianza kuyumba na kutoa pumzi, ik, ek, wanamalizia mstari ambao mtu fulani aliuacha makusudi kwa siku tatu, kwa sababu alimpenda mdogo wake.